Mizani 17, na bado si haiku

Hesabu nami kwa vidole. A-si-ye-fu-nzwa, tano. Na-ma-ma-ye-hu-fu-nzwa, saba. Na-u-li-mwe-ngu, tano. Ukiipanga methali hiyo kwa kushuka, inakuwa hivi:

Asiyefunzwa
na mamaye hufunzwa
na ulimwengu

Sikuongeza herufi wala kupunguza. Methali iliyotuchosha mikono shuleni kwa kuitungia insha ina mizani 17 kamili, inakatika yenyewe kwa 5, 7 na 5, na juu ya hayo inatupa kina cha bure cha -nzwa. Kwa kipimo ambacho wengi wetu tumekisikia, kwamba haiku ni shairi fupi la Kijapani lenye mistari 3 ya silabi 5, 7 na 5, hii ni haiku isiyo na dosari.

Lakini si haiku, na wala haikaribii. Kila ninapokutana na haiku iliyotungwa kwa Kiswahili, mara nyingi nakuta methali iliyovalishwa kimono: idadi imetimia, mistari ni mitatu, na mwishoni kuna funzo. Mtunzi amehesabu vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba hesabu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii, na kwetu sisi ni nyepesi kuliko kwa karibu kila mtu mwingine anayejaribu umbo hili nje ya Japani.

Tuanze na hesabu hiyo basi, tuimalize.

Wajapani hawahesabu silabi kama Mwingereza anavyozielewa. Wanahesabu kitu wanachokiita on, yaani pigo moja la sauti. Neno Tokyo, ambalo Mwingereza hulipitia haraka haraka, kwao lina mapigo 4: to-o-kyo-o, kwa sababu irabu ndefu huhesabiwa mara mbili. Nippon, jina la nchi yao, nalo lina mapigo 4: ni-p-po-n. Ile n ya mwisho inasimama peke yake na inahesabiwa. Hata kile kimya kifupi kabla ya po kinahesabiwa. Mzungu akisikia hivyo hushika kichwa.

Mswahili hashiki kichwa. Sisi tuna m-tu, mizani 2, na m yake imesimama peke yake bila irabu. Tuna n-chi, n-ne, n-zi. Tuna ka-a la moto na ka-a wa pwani, wote mizani 2. M-ze-e, mizani 3. Irabu zetu ni tano, a e i o u, na zao ni tano zilezile. Hata neno haiku lenyewe ni mapigo 3 kwa Kijapani na mizani 3 kwa Kiswahili, ha-i-ku, ilhali Mwingereza analitamka kwa silabi 2. Kile ambacho malenga wetu wamekiita mizani kwa karne nyingi kinakaribiana sana na on ya Mjapani kuliko silabi ya Kiingereza inavyokaribiana nayo.

Mtego upo mmoja, nao uko kwenye m na n. Andika mbuyu na mbuzi. Kwa macho ni ndugu, kwa sikio si ndugu: m-bu-yu ni mizani 3, mbu-zi ni 2. Katika mbuyu ile m ni kiambishi cha ngeli, kimesimama kwa miguu yake. Katika mbuzi imeshikamana na b, haina maisha ya peke yake. Ndiyo maana neno moja linaweza kubadilika uzito kulingana na jirani yake. Mtu mbaya: m-tu-m-ba-ya, mizani 5. Nyumba mbaya: nyu-mba-mba-ya, mizani 4. Mvuvi ni 3, mvua inayonyesha ni 2. Na mbu, ingawa m yake haikutokana na kiambishi cha aina ile, ni m-bu, 2, kwa sababu mkazo wa Kiswahili unataka silabi ya pili kutoka mwisho na neno hilo halina nyingine ya kuutulizia. Sikio la Mswahili linayajua yote haya bila kufundishwa. Kalamu ndiyo isiyojua, kwa hiyo anayetunga kwa macho atakosea.

Halafu kuna maneno ya kukopa, ambayo malenga wa zamani walikuwa na dawa zake. Labda likipungukiwa wanaandika labuda. Afrika likiwa fupi linakuwa Afirika. Hiyo ni mazida. Likizidi wanabana: akaniambia, mizani 6, inakuwa kanambia, mizani 4. Hiyo ni inkisari. Katika shairi refu hila hizi zinapita, tena zina utamu wake. Katika mizani 17 zinaonekana kama kiraka kwenye kanzu nyeupe, na mimi ningeshauri kuziacha.

Sasa weka namba kando kwa kando. Mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida, vipande viwili vya 8 na 8, ni mizani 16. Haiku nzima ni mshororo huo na mizani moja ya ziada. Ubeti mmoja wa utenzi, mishororo 4 ya mizani 8, ni mizani 32. Tanka, dada mkubwa wa haiku mwenye 5-7-5-7-7, ni 31. Ni sadfa tupu, lakini ni sadfa inayosaidia, maana inakupa kipimo cha udogo wa chombo hiki. Malenga wa tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, akimaliza mshororo wa kwanza ndiyo kwanza amefungua kinywa. Mwenzake wa haiku keshamaliza, anajifuta kalamu.

Basi kama hesabu si haiku, haiku ni nini? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu masharti mengine mawili ya umbo hili hayakutungwa na mtu mezani. Yalitokana na namna watu walivyokaa pamoja.

Kabla ya kuwepo haiku palikuwa na mchezo wa kutunga kwa kupokezana ulioitwa renga. Mmoja anatoa ubeti wa 5-7-5, mwenzake anajibu kwa 7-7, wa tatu anapokea kwa 5-7-5, hivyo hivyo hadi beti 100, au 36 katika mtindo uliopendwa zama za Matsuo Bashō (1644–1694). Yeyote aliyewahi kuona malenga wa pwani wakijibizana anaielewa hali hiyo mara moja, ingawa kwao lengo halikuwa kushindana. Lilikuwa kuisukuma safari mbele. Ubeti wa kwanza uliitwa hokku, na mara nyingi alipewa mgeni wa heshima autoe. Hokku ilikuwa hodi. Mgeni amefika nyumbani kwa mwenyeji, anatazama nje, anataja kilichopo: ukungu, theluji iliyoanza, ndege aliyewahi kuja mwaka huu. Anamwambia mwenyeji kwa adabu, "niko hapa, siku hii, katika majira haya." Kutokana na hodi hiyo likabaki sharti la neno la majira, kigo.

Sharti la pili lilitoka hapohapo. Beti zote zilizofuata zilikuwa zikiegemeana, lakini ya kwanza haikuwa na wa kuegemea. Ilibidi isimame yenyewe. Kwa hiyo ilikatwa ndani: kipande kimoja kinasimama upande huu, kingine upande ule, na kati yao pana pengo. Kijapani kina vineno maalumu vya kukata, vinavyoitwa kireji, kama ya, kana na keri. Havina maana ya kamusi, lakini vinatamkwa na vinahesabiwa ndani ya zile 17.

Watu wakaanza kuzipenda hizo hodi kuliko nyumba zilizofuata, wakazikusanya peke yake. Karne mbili baada ya Bashō, katika miaka ya 1890, kijana mmoja wa Matsuyama, Masaoka Shiki (1867–1902), aliyekuwa akifa polepole kwa kifua kikuu, alisema ubeti huo ukatwe kabisa kutoka kwenye mnyororo wake, uwe shairi kamili, akalipa jina la haiku. Kwa hiyo Bashō, ambaye kila kitabu humwita bingwa wa haiku, hakuandika haiku hata moja kwa maana ya jina hilo. Aliandika hokku. Hilo ni la kumbukumbu tu, lakini linaeleza kwa nini masharti yake yana harufu ya sebuleni.

Na jambo jingine la kumbukumbu: Mjapani kwa kawaida haandiki haiku kwa mistari mitatu. Anaichapa mstari mmoja, kutoka juu kwenda chini. Mistari mitatu tuliizoea kupitia tafsiri. Kwa hiyo anayesema haiku ni aina ya tathlitha, shairi letu la mishororo mitatu kwa ubeti, anafananisha vitu viwili visivyokutana.

Tazama sasa shairi mashuhuri kuliko yote, la Bashō la mwaka 1686:

furuike ya
kawazu tobikomu
mizu no oto

Hesabu kwa sikio la Kiswahili, hutakosea: fu-ru-i-ke-ya, ka-wa-zu-to-bi-ko-mu, mi-zu-no-o-to. Bwawa la zamani, kisha ule ya unaokata. Chura anaruka ndani. Sauti ya maji.

Nilipojaribu kulileta kwetu, nilifika hapa:

Bwawa la kale —
chura anajitosa:
sauti ya maji

Mstari wa mwisho una mizani 6. Nilikaa nao siku kadhaa. Kiswahili kilikuwa kinaninong'oneza suluhisho tamu kabisa, "majini: chubwi", mizani 5 kamili, na tanakali ya sauti ambayo Mwingereza angetoa chochote aipate. Nikaikataa. Bashō hakuigiza sauti, aliitaja. "Chubwi" inakufanya umtazame chura. "Sauti ya maji" inakufanya usikie jinsi pale bwawani palivyokuwa kimya kabla, na jinsi kimya kinavyorudi. Nikaiacha mizani ya sita ibaki, na Bashō mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa. Lile shairi lake la kunguru aliyetua kwenye tawi kavu, jioni ya mapukutiko, lina mstari wa kati wenye mapigo 9: ka-ra-su-no-to-ma-ri-ke-ri. (Nimesema mapukutiko kwa makusudi. Baadhi ya tafsiri huita majira hayo vuli, na msomaji wa Tanga anaona mvua na majani mabichi mahali ambapo mshairi aliona mti unaokauka.)

Ugomvi kuhusu namba nao ulifika Japani kama ulivyofika kwetu. Sisi tulipokuwa tukitoana macho miaka ya 1970 juu ya mashairi huru, kama ni mashairi au ni nathari iliyokatwa katwa, Wajapani walikuwa wameshapita huko. Wanafunzi wawili wa Shiki, wote wa Matsuyama, waligawana njia: Takahama Kyoshi alishikilia 17 na neno la majira, Kawahigashi Hekigotō akaenda kwenye uhuru. Upande wa uhuru alitokea Ozaki Hōsai, aliyefariki mwaka 1926 akiwa mpweke kisiwani, na shairi lake moja lina mapigo 9 tu: hata nikikohoa, ni peke yangu. Akatokea pia Taneda Santōka, mtawa mwombaji aliyetembea nchi nzima kwa miguu: nikipenya, nikipenya tena, bado milima ya kijani. Ukilihesabu hilo la Santōka kwa lugha yake unapata 6, 6 na 5. Jumla, 17. Alitoka nyumbani kwa hasira akajikuta amezunguka kijiji.

Turudi kwenye majira, maana hapa ndipo mtu wa kwetu hukwama bila sababu. Wajapani wana makamusi ya majira, saijiki, yaliyopanga kila neno mahali pake: chura ni la machipuko, kimulimuli ni la kiangazi, mwezi ukitajwa peke yake ni wa mapukutiko. Mswahili akiyasoma hayo anadhani haiku inataka theluji na maua ya cheri, basi anaandika kuhusu theluji ambayo hajawahi kuishika. Wakati nje ya dirisha lake kuna kaskazi na kusi, kuna tangambili pale pepo zinapobadilishana zamu, kuna masika, kuna kipupwe cha Julai kinachowatoa watu makoti kabatini. Kuna embe. Kuna karafuu iliyoanikwa kwenye majamvi Pemba. Kuna senene mwishoni mwa mwaka, ambao mtu wa Bukoba hahitaji kuelezwa wana maana gani. Neno moja kama hilo linabeba hali ya hewa, harufu, shughuli na kumbukumbu, na linakuokolea mizani kumi za maelezo. Hiyo ndiyo kazi ya kigo. Si pambo.

Kuna neno moja ambalo wengi wangelikimbilia, nalo ni futari. Lina kila kitu: wakati wa siku, jirani, uji, kimya cha barabarani kabla ya adhana. Ila majira halina. Mwaka wa Hijria hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua, hivyo Ramadhani huzunguka masika, kipupwe na vuli zote katika miaka kama 33. Sioni kwamba hilo linaikataza. Linaifanya iwe ya kuvutia zaidi. Wajapani wenyewe walipata mtikisiko wa aina hiyo walipohamia kalenda ya Kizungu mwaka 1873. Mwaka mpya wao, uliokuwa mlango wa machipuko, ukaangukia katikati ya baridi, ikabidi makamusi yaupe mwaka mpya sura yake peke yake, ya tano. Majira ya ushairi ni mkataba kati ya watu, na mkataba unaweza kuandikwa Lamu au Kigoma kama ulivyoandikwa Kyoto.

Kukata ndiko kugumu. Kiswahili hakina kireji. Tuna kistari kirefu, ambacho jicho linakiona lakini sikio halikihesabu. Tuna "loo" na "ee", lakini hizo zinapiga kelele. Neno lililo karibu zaidi na keri yao ni "kumbe", kwa sababu keri nayo huwa na ladha ya mtu aliyegundua kitu sasa hivi. Lakini kumbe yetu ina mdomo mkubwa; inamtangaza mtunzi, inasema "tazama nilivyoshangaa". Nimeijaribu mara nyingi na mara nyingi nimeifuta. Njia inayofanya kazi zaidi ni kuacha kitenzi. Jina likisimama peke yake bila kitenzi, Kiswahili chenyewe kinanyamaza kidogo, maana tumezoea kitenzi kibebe kila kitu: nani, lini, kumfanyia nani.

Na hapa ndipo tunapoweza kujibu swali la methali. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu nayo ina vipande viwili. Lakini vimefungwa kwa gundi ya mantiki: ukiwa hivi, yatakupata yale. Hakuna pengo la msomaji kuingia. Pia angalia kile kiambishi hu-. Hu- ni ya mazoea, ya kila siku, ya kila mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali huishi ndani ya hu-. Chura wa Bashō ni chura mmoja, aliruka mara moja, siku moja. Anahitaji -na-, au -me-, au asihitaji wakati kabisa. Nimejiwekea kanuni ya kienyeji: nikikuta hu- kwenye haiku yangu, naishuku, naikagua upya.

Nikuoneshe kwa mfano. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuifuata taa. Kenya ya magharibi na Uganda ni chakula, wanakaangwa. Penginepo ni usumbufu wa usiku mmoja. Jaribio langu la kwanza lilikuwa hili:

Kumbikumbi we,
taa imekuponza:
tamaa mbaya

Tano, saba, tano (tamaa ni ya ngeli ya I-ZI, kwa hiyo mbaya hapa ni mizani 2). Na ni mahubiri. Kumbikumbi hakuwa na tamaa yoyote. Nimembandikia mimi, ili nipate la kusema. Miaka ya kusoma mashairi ambayo mshororo wa mwisho ndio kituo, na kituo lazima kitie msumari, imenifanya nisiweze kumwona mdudu bila kumtolea nasaha. Nikafuta, nikaandika:

Usiku mvua,
kumbikumbi wakaja,
wakafa wote

Nasaha imeondoka, ikaja taarifa ya habari. Kila kitu kimesemwa, kwa mpangilio, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na -ka- zimeunganisha matukio kama mabehewa. Hakuna palipokatwa. Msomaji anasema "pole" na kuendelea na shughuli zake. Siku iliyofuata asubuhi nilikuwa nafagia, ndipo nilipoona kitu nilichokuwa nimekiruka mara zote mbili:

Mvua ya kwanza —
kibarazani kwetu
mabawa tupu

Kumbikumbi hawamo. Usiku haumo, taa haimo, kufa hakumo. Aliyewahi kuamka asubuhi hiyo atawaona wote. Ambaye hajawahi ataona mabawa tu na kujiuliza ya nani, nayo si hasara. Sitadai kwamba ni haiku kubwa. Nadai tu kwamba ya kwanza na ya tatu zina hesabu ileile, na hesabu haikunisaidia hata kidogo kuzitofautisha.

Je, lazima nilichoandika kiwe kilinitokea? Shiki alihimiza kile alichokiita shasei, kuchora kutoka kwenye uhai: toka nje, tazama, andika ulichoona. Haiku yake ya mwaka 1895 inafanya hivyo hasa. Anakula tunda la kaki, kengele ya hekalu la Hōryūji inalia. Basi, hakuna kingine. Ni ushauri mwema kwa anayeanza, hasa kwa mtu wa nasaha kama mimi. Lakini Shiki huyohuyo ndiye aliyemrudisha kwenye sifa Yosa Buson (1716–1784), mchoraji, aliyetunga moja ya haiku zinazouma kuliko zote: ubaridi unampenya mwilini, ni chanuo la marehemu mkewe, amelikanyaga chumbani. Mke wa Buson alikuwa hai alipoiandika, na aliishi baada yake. Sijui alisemaje aliposomewa.

Nilijaribu kutembea kwenye nyayo hizo, kwa kitu cha jikoni kwetu:

Embe la kwanza —
kisu cha marehemu
bado kikali

Embe linashika majira. Kistari kinakata. "Marehemu" nililichagua badala ya "cha bibi" kwa sababu mbili, na moja tu ni mizani: "cha bibi" ingemleta mtu fulani, mwenye khanga na sauti, na kisu kingerudi kuwa chombo tu mkononi mwake. Kama ni kweli au si kweli, sitasema.

Sharti la kutohubiri, hata hivyo, lina mtu mmoja anayelivunja na kulitii kwa pamoja. Kobayashi Issa alifiwa na mama akiwa mdogo sana, akaoa akiwa mtu mzima, na watoto wake wakamfia mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1819 binti yake mdogo, Sato, alifariki kwa ndui. Issa alikuwa mfuasi wa Buddha, na katika dini hiyo kuna msemo ambao kila mtu aliujua, sawa na sisi tunavyosema dunia mapito: ulimwengu huu ni umande. Jua likipanda, umekwisha. Ni msemo wa msibani, wa kumtuliza mfiwa. Aliandika:

tsuyu no yo wa
tsuyu no yo nagara
sari nagara

Ulimwengu wa umande, ndiyo, ni ulimwengu wa umande, lakini pamoja na hayo. Na hapo anaacha. Anaanza na methali kabisa, anairudia kama mtu anayejilazimisha kuikubali mbele ya waliokuja kuhani, kisha pale ambapo sisi tungeweka kituo, sentensi inamkatikia mdomoni.

Nimelileta hivi, na nimekubali kupoteza ule urudiaji:

Hii dunia
ni umande, najua,
na hata hivyo

Mizani 17. Niliposhuka kwenye mstari wa mwisho nilikuwa tayari kubana au kunyoosha neno lolote ili zipatikane tano. Haikuhitajika. Na-ha-ta-hi-vyo.